Bamba la Chini

Muthetheni
14 Juni 1999

Mpwa wangu Nzioka,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapofunga darubini juu ya bunduki ni kudhani kwamba kazi ile ni ya nguvu. Wanakaza mpaka bisibisi inaruka, mpaka mshipa wa shingo unasimama, kisha wanapangusa jasho na kusema imeshika. Skrubu iliyokazwa hivyo imekwisha kuanza kukatika ndani. Ni vile tu haijakuambia. Nilifundisha ufundi wa chuma miaka ishirini na sita, na kila mwaka mwanafunzi mwenye misuli mikubwa ndiye aliyevunja skrubu nyingi.

Barua yako niliipata kwa mkono wa binamu yako Kalondu alipokuja kututembelea kutoka kiwandani EPZ, Athi River. Mama yako ameisoma mara tatu. Anafurahi kwamba ranchi imekupa kazi ya kupiga kongoni na swala kwa kibali cha serikali, ingawa bado haelewi kwa nini serikali iliyokataza uwindaji inaruhusu tena kupiga. Nimemweleza kwamba wanyama wamezidi nyasi, na nyasi ni za ng'ombe. Amesema nisimfundishe kama mtoto.

Sasa tuje kwenye darubini. Unasema ile ya zamani ilipasuka kioo, na meneja wenu Festus amekuletea mpya ya bei ndogo. Bunduki yenyewe pia ni ya bei ndogo, naijua vizuri, lakini mtutu wake ni mnyofu. Kitu cha bei ndogo kikifungwa kwa subira hufanya kazi ya kitu cha bei kubwa.

Chukua kitambaa, kichovye kwenye petroli kidogo, ufute kila mahali chuma kitakapokutana na chuma. Usitie mafuta, mafuta ni mazuri mahali pengine, hapa yanatelezesha. Weka nusu za chini za pete mbili zinazoshika darubini, ilaze ndani yake, kisha uweke nusu za juu bila kukaza. Egemeza bunduki begani ukiwa umefumba macho, halafu fumbua. Ukiona duara zima lenye mwanga, jicho lako liko umbali unaofaa. Ukiona kivuli pembeni, isogeze. Isikaribie jicho chini ya vidole vinne, la sivyo siku moja itakupasua nyusi.

Ili msalaba wa ndani usilale upande, funga uzi wenye jiwe kwenye tawi hatua ishirini mbele, ulinganishe mstari wa msalaba na uzi. Hapo ndipo unakaza, kidogo huku, kidogo kule, kama nati za gurudumu, ukishika bisibisi kwa vidole viwili na gumba tu.

Mwisho, weka sanduku hatua mia, egemeza bunduki kwenye gunia la mahindi, upige risasi tatu asubuhi na mapema, bunduki ikiwa baridi. Bunduki baridi ndiyo husema kweli.

Bamba la chini, lile linaloshika pete, usiliguse. Nililifunga mimi mwenyewe mwaka wa 1991, marehemu mwenye ranchi alipoileta bunduki hapa Muthetheni ikiwa haina hata tundu moja la skrubu. Nilitoboa mashimo, nikakata nyuzi za skrubu ndani yake, nikafunga. Bamba lile halitasogea.

Ni mimi mjomba wako,
Wathome


Kyumbi
27 Juni 1999

Kwa mjomba mpendwa,

Uvoo waku? Mimi niko mzima huku, namshukuru Mungu.

Barua nilipata kwa duka la Syokau hapa Kyumbi, kwa sababu mambo ya posta ya ranchi ni ya kubahatisha na sisi tunalala kambini wiki nzima. Jumapili ndio natoka. Nilifanya kila kitu vile uliandika. Hata uzi na jiwe. Festus alinikuta nimefunga hilo jiwe kwa mti akauliza, "Nzioka, umeanza uganga?" Nikamwambia ni hesabu ya mwalimu Wathome. Akasema, "Haya basi, mwalimu atupigie kongoni."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilipiga boksi. Risasi tatu zikaingia mahali pamoja, unaweza kufunika na kifuniko cha mkebe wa chai. Mjomba, nilicheka peke yangu.

Wacha nikueleze kazi ilivyo. Nyama yote inanunuliwa na mzee Abdille wa Athi River, yule wa ng'ombe na mbuzi. Yeye na wateja wake ni Waislamu, hataki mnyama amekufa na risasi tu. Lazima mnyama achinjwe akiwa bado anapumua. Kwa hivyo tunakuwa na mchinjaji wetu, Mustaf, ameoa binti ya Abdille. Mimi nikipiga, Mustaf anaruka kutoka kwa pikapu na kisu na anakimbia. Ni mrefu na mwembamba, kikoi amekunja juu ya magoti. Abdille anabaki kwa gari anaangalia damu. Kama haikuruka anasema, "Hiyo ni mzoga, peleka kwa fisi," na hakuna maneno mengine.

Kwa hivyo siwezi kupiga kichwa. Mustaf ananiambia kila siku, "Walaal, ndugu yangu, piga chini ya shingo. Ukimuua kabisa unanifanya nikimbie mazishi." Ni mtu wa utani huyo. Siku ya kwanza alinipima na macho akasema, "Wewe ndio mpya? Yule wa kwanza alikuwa anafumba macho yote mawili."

Jambo dogo tu. Alhamisi tulikuwa tumepiga wengi, na wa mwisho nililenga shingo nikapata paja. Nafikiri ni upepo.

Salimia mama.
Nzioka


Muthetheni
4 Julai 1999

Mpwa wangu Nzioka,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa nje, na risasi zako tatu zimenifurahisha kana kwamba nimezipiga mimi.

Kuhusu paja: upepo hauhamishi risasi kutoka shingoni mpaka pajani kwa hatua mia na hamsini, isipokuwa upepo wa kung'oa mabati. Tuseme ni jambo jingine. Kagua pete. Chora kwa rangi ya kucha mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye pete mpaka kwenye mwili wa darubini. Darubini ikisogea ndani ya pete, mstari utakatika vipande viwili na utaona kwa macho. Kalondu ana chupa ya rangi ya kucha aliyoisahau hapa, nyekundu mno kwa mtu wa kanisa; nimekutumia na barua hii.

Pia kagua risasi zenyewe. Zikiwa za masanduku mawili tofauti, hazipigi mahali pamoja.

Sasa nikuulize swali moja, unijibu. Mustaf akishakimbia kwa mnyama wa kwanza, wewe unafanya nini? Nilipokuwa bado kijana niliwahi kutengeneza bunduki za idara ya wanyama pori, na sheria yetu ilikuwa moja: mtu akiwa mbele, komeo la bunduki linakuwa wazi na risasi iko mfukoni. Sidhani mambo yamebadilika, lakini napenda kusikia kutoka kwako.

Mjomba wako,
Wathome


Kyumbi
18 Julai 1999

Kwa mjomba mpendwa,

Asante kwa rangi. Festus ameniuliza kama ni yangu. Mustaf akasema, "Mwacheni apake, mkono wake ni mzuri."

Mstari niliweka kwa pete zote mbili. Nimeangalia kila jioni. Haujakatika. Skopu haijasogea hata unywele ndani ya pete. Risasi ni za boksi moja. Kila Jumatatu na kila Alhamisi asubuhi napiga boksi kabla ya kuanza, na kila mara ni zilezile tatu kwa kifuniko cha chai.

Lakini mjomba, bunduki inaniruka. Si mwanzo. Mwanzo inapiga vizuri kabisa. Ni huko mbele, kama nimepiga kumi, kumi na tano. Inakwenda kulia. Jumanne kongoni alikuwa amesimama mzuri kabisa, na vumbi likaruka hatua nzima upande wa kulia. Festus akaniangalia. Kwake kuangaliwa hivyo ni mbaya kuliko matusi.

Ukame huku umekuwa mbaya. Nyasi zimekuwa kama nywele za mzee. Wanyama wanasimama pamoja kwa maji machache yamebaki, na Festus anasema tumalize idadi ya kibali kabla mwezi wa nane uishe, la sivyo mwaka ujao watatupunguzia.

Kuhusu Mustaf, yeye ni mtu wa haraka sana, husumbuki kumngoja.

Nataka kukuomba ruhusa. Niliweka bisibisi kwa ile bamba ya chini, ile ya kwako. Kuna skrubu nne. Nilitaka kujaribu tu kama zimeshika. Halafu nikakumbuka maneno yako nikarudisha bisibisi kwa mfuko. Sikutaka kufungua kitu umefunga bila kukuuliza. Naomba unijibu.

Nzioka


Muthetheni
21 Julai 1999

Mpwa wangu Nzioka,

Umefanya vizuri kurudisha bisibisi mfukoni.

Nakueleza jambo ambalo huenda hutalipenda. Umekagua pete, zimesimama. Umekagua risasi, ni za sanduku moja. Asubuhi bunduki inapiga sawa, na huwezi kuwa na bamba lililolegea ambalo linajikaza lenyewe usiku. Fikiria hilo kwa utulivu. Kitu pekee kilichobadilika kati ya risasi ya kwanza na ya kumi na tano ni mtu aliyeishika. Bega limechoka. Mwili umeshajua kishindo kinakuja, unajikunja kabla kidole hakijamaliza kazi yake, na risasi inakwenda kulia. Si aibu. Niliwaona askari wazima wakifanya hivyo.

Dawa yake ni hii. Mpe mwenzako bunduki akutilie risasi bila wewe kuangalia. Mara nyingine atie ganda tupu. Ukivuta, na bunduki ikalia tiki tu, utajiona bega linavyoruka bure. Ukijiona, umepona nusu.

Bamba lisiguswe. Nasema sasa kama mwalimu, si kama mjomba. Ukifungua skrubu zile huko porini bila vifaa, hutaweza kuzirudisha, na hapo ndipo bunduki itaharibika kweli.

Hukunijibu swali langu kuhusu Mustaf. "Ni mtu wa haraka" si jibu. Nilikuuliza wewe unafanya nini akiwa mbele.

Wathome


Kyumbi
1 Agosti 1999

Kwa mjomba,

Nilifanya jaribio la ganda tupu. Mpishi ndiye alinitilia. Mara tatu bega halikuruka, mara moja liliruka kidogo. Kwa hivyo umesema kweli. Ni bega langu.

Nimeacha kufikiria mambo ya bamba. Festus aliniuliza nikamwambia mjomba wangu ameshaangalia hiyo mambo, gari ni nzima, dereva ndiye mbaya. Alicheka.

Wiki hii hakukuwa na jambo. Jumamosi ya tarehe kumi na nne tutakuwa na kazi kubwa, wanyama arobaini kwa siku moja, kutoka asubuhi mpaka saa saba, kwa sababu Abdille ameleta lori la baridi kutoka Nairobi. Uniombee bega.

Mama awe na afya.
Nzioka


Athi River
5 Agosti 1999

Kwa Mwalimu Wathome, Muthetheni,

Baada ya salamu, mimi ni Hafso, mke wa Mustaf anayechinja na kijana wako Nzioka. Watu huniita Mama Habon. Anwani yako nimeipata kwenye bahasha ambayo Nzioka alimfungia Mustaf majani ya chai. Unisamehe kama kukuandikia bila kukujua ni kukosa adabu. Sikuona mwingine wa kumwandikia. Mnunuzi wa nyama ni baba yangu. Nikimwambia jambo hili, kazi itasimama na Mustaf ataona nimemwaibisha mbele ya baba mkwe wake. Nikinyamaza, sijui.

Wiki iliyopita, Alhamisi, Mustaf alikuja na kikoi chake kimetoboka pembeni, karibu na goti la kushoto. Nilimuuliza, akasema ni mwiba. Mwalimu, mimi nimezaliwa Garissa, miiba naijua. Mwiba unachana. Hiki ni kitundu kidogo cha mviringo, na ukingoni kina duara jeusi kama masizi. Upande wa nyuma kuna kingine.

Nilimwambia, "Mustaf, hii ni risasi."

Akasema, "Basi ni mwiba wa Nzioka." Kisha akacheka. Mimi sikucheka.

Usiku ule aliniambia polepole. Zamani mpigaji alipiga mmoja, akangoja Mustaf amalize na kurudi. Sasa wanyama wakishtuka wanakimbia, na meneja amesema wasingoje. Kwa hiyo Mustaf anapiga magoti kwa mnyama wa kwanza, na Nzioka anapiga wa pili na wa tatu upande wa kushoto wake. Mustaf anasema hana wasiwasi, kwa sababu Nzioka anaacha nafasi, hatua tatu au nne. Lakini aliniambia neno moja ambalo limenikaa. Alisema, "Asubuhi wakati kuna baridi risasi zinapita mbali nami. Jua likipanda nazisikia zinakuja karibu. Kila mara nazisikia karibu zaidi."

Nilimuuliza kwa nini hamwambii Nzioka. Akasema Nzioka anajua, alilia Alhamisi ile nyuma ya gari, na amesema kosa ni la bega lake, mjomba wake amemthibitishia, na bunduki ni nzuri kwa maana mjomba ndiye aliyeitengeneza.

Ndiyo maana nakuandikia. Nina swali moja tu. Bunduki hiyo uliitengeneza vizuri?

Hafso Abdille


Muthetheni
13 Agosti 1999, Ijumaa

Kwa Mama Habon,

Barua yako ilinifikia juzi Jumatano. Nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena, na mara ya tatu sikuhitaji miwani.

Sikuitengeneza vizuri.

Nakueleza kwa utaratibu, ili mtu asije akakuambia kwamba ni hofu ya mzee aliyezeeka. Ukiweza kumweleza mwingine, mweleze hivihivi.

Bamba lile hushikwa na skrubu nne, mbili mbele na mbili nyuma. Mwaka wa 1991 nilitoboa mashimo yote kwa mkono katika karakana yangu hapa. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wamejaa mlangoni kuangalia, kwa sababu haikuwa kawaida bunduki kuletwa Muthetheni na mwenye ranchi amekaa kwenye kiti akingoja. Nilikuwa nikikata nyuzi katika shimo la mwisho, la mbele upande wa kulia, chombo cha kukatia kikavunjika ndani. Chuma kile ni kigumu kuliko bunduki yenyewe. Hakitobolewi, hakivutwi. Nilijua mara moja kwamba shimo lile limekufa.

Mzee Nzau, aliyekuwa na duka upande wa pili, akauliza, "Mwalimu, mbona kimya?"

Nikasema, "Namalizia."

Nikachukua skrubu ya nne, nikaikata kichwa, nikakibandika kichwa kile juu ya shimo kwa gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganywa. Nikapaka gundi ileile chini ya bamba upande wa mbele. Ukiangalia, utaona skrubu nne. Zilizoshika ni tatu, na moja ya hizo iko peke yake mbele. Sikumwambia yeyote, hata mke wangu. Marehemu alikuwa anapiga chui au fisi mara kumi kwa mwaka, risasi mojamoja, na bamba halikusogea. Nikajisahaulisha. Miaka ilipopita nikaanza kusema kwa sauti kwamba halitasogea, na nilipokuwa nikisema niliamini.

Gundi ile ikipata joto hulegea. Ikipoa hushika tena. Nzioka akipiga risasi ishirini juani, chuma kinakuwa hakishikiki kwa mkono, gundi inalainika, na kila kishindo kinaisukuma darubini kidogo upande mmoja. Risasi inahama kwenda kulia, na mume wako yuko kulia. Jioni chuma kinapoa, zile skrubu tatu zinalivuta bamba mpaka mahali pake, na asubuhi yake bunduki inapiga sanduku bila kosa. Mimi ndiye niliyemwambia aijaribu ikiwa baridi. Nilimwambia bunduki baridi ndiyo husema kweli. Kisha nilimwambia kosa ni la bega lake, na yeye, kwa kuwa amelelewa kumheshimu ndugu wa mama yake, alilikubali bega hilo akaacha kutafuta.

Aliniomba ruhusa afungue bamba. Angelifungua, kichwa cha skrubu kingemdondokea kiganjani, na angejua. Nilimkatalia. Nilipomkatalia sikujiambia ninaficha kitu. Nilikasirika tu. Sasa najua ile hasira ilikuwa ya nini.

Jana nilikwenda Machakos kupiga simu ranchini. Meneja, Festus, ndiye aliyeshika.

Nikamwambia, "Bwana Festus, bunduki ile isitumike Jumamosi. Bamba ni bovu."

Akasema, "Mutumia, mzee mwalimu, Nzioka amepiga boksi leo asubuhi. Tatu, zote pamoja. Nimeziona na macho yangu."

"Itapiga vizuri mpaka ipate joto."

"Wewe si ndiye ulimwambia ni bega?"

"Nilikosea."

Nikasikia mtu akicheka nyuma yake. Akasema, "Mwalimu, barua moja bega, simu moja bamba. Kesho kutwa itakuwa mwezi. Lori limeshafika. Pumzika, mzee wangu." Nikamwomba aniitie Nzioka. Akasema yuko kambini, hakuna simu kambini. Akakata. Nilipiga tena mara mbili, hakuna aliyeshika.

Nzioka nimemwandikia, lakini barua itakaa dukani kwa Syokau mpaka Jumapili atakapotoka, na kazi ni Jumamosi. Leo jioni nitapanda gari pamoja na binti yangu Kalondu, ambaye alikuja Jumatano kumleta mtoto. Mimi nitashuka Kyumbi. Kesho kabla ya mapambazuko nitaanza kutembea kuelekea lango la ranchi. Nguo nimeshavaa. Lakini kutoka barabarani mpaka wanapopiga ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mwenye miguu mizima, na nyonga yangu ni mbovu. Walinzi huenda wasinifungulie. Nitafika jua likiwa limeshapanda, na sipendi kukuambia jambo jingine isipokuwa hilo, kwa kuwa ndiyo kweli.

Kalondu anaendelea na barua hii mpaka Athi River, atafika usiku sana. Amekula kiapo cha kukugongea mlango kesho kabla Mustaf hajaenda msikitini alfajiri, hata kama itambidi akeshe barazani kwako.

Kwa hiyo jambo hili liko mikononi mwako. Mpigaji wa kuwekwa badala ya Nzioka watampata. Bunduki hawatabadilisha. Lakini baba yako hanunui mnyama asiyechinjwa, na mchinjaji ni mmoja. Asipokuwepo Mustaf, Festus hana wa kumuuzia hata swala mmoja, na hakuna atakayepiga. Najua Mustaf atakasirika. Atasema unamwaibisha mbele ya baba yako, atasema lori linangoja, atakutania mpaka utake kucheka. Mwambie mzee wa Muthetheni ameandika kwamba aibu yote ni yake, na amwonyeshe yeyote barua hii, na baba yako pia aisome.

Sikuombi unisamehe. Unapoisoma barua hii ni Jumamosi. Leo usimwache Mustaf atoke nyumbani.

Wathome